Mkongo unapita barabarani, mwalimu anapanda kilimani kutafuta mtandao: intaneti ya vijijini inakwama wapi hasa?

Mwambao wa Nyasa (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Desemba 2022 TTCL, shirika la simu la serikali, walifikisha intaneti kilele cha Uhuru, Mlima Kilimanjaro, mita 5,895. Agosti ya mwaka huohuo walikuwa wameshafika kambi ya Horombo, njiani kwenda kileleni. Sina ugomvi na hilo. Watalii wanaleta dola, na mtu akizidiwa kule juu lazima apate pa kuitia msaada. Ila nataka tujadili swali moja bila mihemko: ikiwa tumeweza kupandisha mtandao hadi pale, mbona mwalimu mkuu wa shule ya msingi ukanda wa Ziwa Nyasa, wilayani Ludewa, bado anakodi bodaboda kwenda mjini kujaza takwimu za wanafunzi kwenye mfumo wa serikali?

Msinijibu "minara haitoshi" mkaishia hapo. Jibu hilo ndilo linalotupoteza.

Tutoe kwanza haki yao waliofanya kazi. Mkongo wa Taifa, yaani kebo kuu ya nyuzi za kioo inayobeba intaneti, ulianza kujengwa 2009 kwa mkopo wa China. Mwaka huohuo kebo ya baharini ya SEACOM ikatua Dar, mwaka uliofuata ikaja nyingine, EASSy. Kabla ya hapo nchi nzima ilitegemea satelaiti za masafa ya mbali, zile zinazoning'inia karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, unafungua ukurasa mmoja huku unapiga soga. Leo mkongo umefika mikoani na umevuka mipaka kuelekea majirani.

Halafu kuna UCSAF, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Sheria yake ni ya 2006. Kampuni za simu zinachangia, Mfuko unatangaza zabuni kwa kata ambazo hazina mvuto wa kibiashara, kampuni inayoshinda inapewa ruzuku ijenge mnara. Mei 2023 pale Dodoma, mbele ya Rais Samia, ilisainiwa mikataba ya minara 758 kwenye kata 713. Sambamba na hayo kuna mradi wa Tanzania ya Kidijitali, ambao Benki ya Dunia iliupitishia dola milioni 150 mwaka 2021. Kwa hiyo hatuwezi kusema hakuna kinachofanyika.

Ugomvi wangu ni kipimo. Tunahesabu minara. Mnara ukiwashwa, kata inawekewa alama ya vema: imefikiwa. Imefikiwa na nini? Mnara wa mwisho kabisa kule bondeni kwa kawaida hauna mkongo chini yake. Unapokea kwa mawimbi kutoka mnara mwingine, na ule unapokea kutoka mwingine tena, mpaka ufike mjini ambako mkongo upo. Vijiji vyote vilivyo kwenye mnyororo huo vinagawana uwezo uleule. Ikifika saa mbili usiku, ujumbe wa maandishi unapita kwa kusuasua, picha inazunguka tu. Kwenye ripoti, kata hiyo ina 3G na kila kitu shwari.

Msimamo wangu: tuache kuuliza kata ina mnara au haina. Tuulize kama zahanati, sekondari ya kata na ofisi ya mtendaji vimeunganishwa na mkongo wenyewe, na kama jirani wa pale anaweza kununua huduma kutokea hapo. Mkongo unapita kando ya barabara kuu vijiji vikiutazama, hauna pa kushukia.

Mods, tafadhali msiunganishe uzi huu na ule wa vifurushi kupanda bei. Tiririkeni.

---

Chizi wa Bando

Siti ya mbele kabisa. Ngoja wajuzi waje.

---

Mpanda Mnara

Mkuu mleta uzi, umegusa kazi yangu. Nimehudumia minara Nyanda za Juu Kusini kwa miaka mingi, kampuni siitaji maana bado nakula hapo.

Ulichosema kuhusu mnyororo ni kweli tupu, ila watu wajue kwa nini iko hivyo. Ludewa ile ya ziwani iko chini ya milima ya Livingstone. Kutoka juu kwenda usawa wa ziwa ni mteremko wa kutisha. Mawimbi ya kuunganisha mnara na mnara yanataka vionane uso kwa uso, pasiwe na mlima wala msitu katikati. Kwa hiyo unaweka mnara mmoja ukingoni mwa mlima, kazi yake kubwa ni kumwangalia yule wa chini. Huo wa ukingoni hauna wateja, una nyani. Lakini unakula umeme usiku na mchana.

Tena huo umeme ndio kiini cha kesi. Pasipo na gridi ni sola na betri, na jenereta ya kuongezea. Masika barabara ikikatika, dizeli haifiki. Betri zinaibwa. Nimewahi kufika saiti nikakuta kila kitu kizima isipokuwa betri, mlinzi anasema hajui, na kijiji kizima jioni wanaangalia TV kwa sola. Nimecheka, nimekasirika, nimeandika ripoti.

Sasa mtu wa ofisini anapiga hesabu: mnara huu unaingiza kiasi gani kwa mwezi? Wateja mia kadhaa, wengi wana kitochi, simu ndogo isiyo na intaneti, wanapiga simu dakika mbili na kutuma pesa. Ruzuku inasaidia kuusimamisha mnara. Mafuta, ulinzi na fundi wa kila siku havisaidiwi na mtu. Ndiyo maana mnara wa kijijini ukiharibika unakaa kwenye foleni, wa Kariakoo unatengenezwa kabla hujamaliza kulalamika.

Jambo lingine halisemwi sana: masafa. Masafa ya chini kama megahezi 700 na 800 yanafika mbali na yanapenya, yale ya 2600 yana kasi lakini yanachoka mapema. Kwenye mnada wa TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, wa Oktoba 2022 yaliuzwa ya aina zote. Kijijini unataka yale ya chini, mnara mmoja ubebe eneo kubwa. Lakini simu ya mteja nayo lazima iyajue masafa hayo, na hizi simu za bei chee si zote zinayajua. Unaweza kuwasha 4G ya nguvu kijijini ukakuta wanaoiona wanahesabika kwa vidole.

---

Kaka wa Tunduma

Mnajadili minara mwaka huu? Dishi la Starlink, ile intaneti ya satelaiti, linafungwa kwenye bati kwa nusu saa, kazi imekwisha. Rwanda walianza Februari 2023. Kenya na Malawi Julai mwaka huohuo, Msumbiji na Zambia wanayo, Burundi wakafuata. Tumezungukwa! Hapa Tunduma ukivuka barabara tu uko Zambia, jamaa zetu wa Nakonde wanatazama mpira bila kuganda.

Hayo ya nyani na dizeli yanaisha siku moja.

---

Mtu wa Laikipia

Salamu kutoka Kenya. Niruhusuni niongee kidogo kwa sababu sisi tumejaribiwa dawa zote hizi.

Mwaka 2013 hapa kwetu Nanyuki Microsoft na wenzao walikuja na mradi wa Mawingu, wakitumia masafa ya televisheni ambayo hayana mtu, wanarusha intaneti mbali kwa vituo vinavyotumia sola. Watu walisema ndiyo mwisho wa shida. Baadaye ile ya masafa ya televisheni haikuenea ilivyotarajiwa, lakini kampuni ya Mawingu ilibaki, ikabadilisha vifaa, ikaendelea kuuzia vijiji na miji midogo. Mwaka 2024 ilinunua hata kampuni ya Habari kule kwenu Arusha.

Kisha Julai 2020 tukaletewa mabaluni. Ndiyo, mabaluni! Loon, ya wenye Google, wakishirikiana na Telkom Kenya. Mabaluni kama 35 angani, kilomita 20 juu, yafunike karibu kilomita za mraba 50,000 za magharibi na kati. Magazeti yote yakaandika. Januari 2021 wakatangaza wanafunga, biashara hailipi. Miezi sita tu. Wazee wa Baringo nadhani bado wanaangalia juu.

Sasa Starlink. Ni nzuri, nisiseme uongo, hasa Kaskazini ambako hakuna kitu. Lakini ilipoanza vifaa vilikuwa zaidi ya shilingi 80,000 za Kenya, vikashuka baadaye karibu nusu, na malipo ya mwezi yalikuwa 6,500 kwa mpango wa kawaida. Nani mchungaji wa Samburu atalipa hiyo peke yake? Wanaofaidi ni hoteli, wamisheni, mashule yenye wafadhili, na wafanyabiashara wanaonunua moja na kugawana. Tena Novemba 2024 walisimamisha wateja wapya Nairobi na viunga vyake, nafasi imejaa. Kifaa kilichouzwa kama mkombozi wa kijiji kikajaa mjini kwanza.

Kaka wa Tunduma, usiache kukitaka. Lakini usidhani utafuta minara.

---

Mwalimu wa Kata

Mimi ndiye mwalimu anayesemwa, ingawa si wa Ludewa. Niko mkoa wa Rukwa, bonde la ziwa.

Watu wa mjini wakisikia intaneti ya kijijini wanafikiri ni TikTok. Ngoja niwaeleze mwezi wa matokeo ya kidato cha sita ulivyo. Kijana amefaulu. Kuomba chuo ni mtandaoni. Kuomba mkopo HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ni mtandaoni. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, nako ni mtandaoni. Kila hatua ina namba ya malipo, nyaraka za kuskani, na tarehe ya mwisho. Huku hana skana wala intaneti ya kupakia faili. Anapanda gari kwenda Sumbawanga, analala kwa ndugu kama anaye, anakaa foleni steshenari, anamlipa kijana wa pale amjazie. Kijana wa steshenari anakosea herufi moja ya jina la mama. Mwanafunzi ameshapanda gari la kurudi. Mfumo unakataa, na yeye hajui mpaka wiki mbili baadaye, maana ujumbe umetumwa kwenye barua pepe aliyofunguliwa na yuleyule wa steshenari.

Hapo mnaweza kuona ni kwa nini naudhika mtu akisema kijijini hawana matumizi ya intaneti. Serikali yenyewe imehamisha kila kitu huko. Leseni, ajira, mikopo, takwimu za shule, mfumo wa fedha wa kituo. Muuguzi wa zahanati yetu naye ana mfumo wa kujaza. Anajaza daftarini mchana, jioni anapanda kichuguuni pale nyuma ya kanisa ambako simu inakamata, anaingiza kwa bando lake mwenyewe. Bando la kazi ya serikali, hela ya mshahara wake.

Kompyuta tunazo, nakiri. Zililetwa na mradi. Zimefunikwa vitambaa vya kufuma, zinapendeza.

Naunga mkono hoja ya mleta uzi kwa asilimia zote. Tukipewa mkongo shuleni, mimi mwenyewe nitakaa na hao vijana jioni tuombe mikopo bila nauli.

---

Maji Kwanza

Kijiji hakina maji ya bomba, mnataka mkongo. Vipaumbele jamani.

---

Dada wa Vocha

Naomba niwapinge kidogo wote, kwa heshima.

Nauza vocha na nina uwakala wa kutoa na kuweka pesa, mnadani na gulioni, wilaya tatu. Mnaongea kana kwamba mtandao ukifika watu wataingia. Kwenye vijiji vingi ninavyozunguka mtandao UPO. Simujanja ndiyo haipo. Mteja wangu ana kitochi kilichofungwa mpira wa madaftari. Hao GSMA wanaotoa ripoti za simu kila mwaka wanasema hilohilo kwa Afrika kusini mwa Sahara: walio ndani ya mtandao lakini hawatumii intaneti ni wengi kupita mbali wale ambao mtandao haujawafikia.

Kumbukeni 2021. Bajeti ilifuta VAT kwenye simujanja, vishikwambi na modemu ili watu wengi waingie mtandaoni. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa, hoja ikiwa kwamba mnunuzi wa mwisho hakuona nafuu. Na mimi niliyekuwa sokoni nawaambia bei kweli haikushuka kwa maana. Msamaha uliishia njiani, kwa waingizaji na wa jumla. Lakini dawa ilikuwa kuwabana hao, si kumrudishia kodi mkulima.

Tena ndani ya nyumba simujanja ikiwa moja ni ya baba. Mama wa kikundi cha vikoba anaitumia akiruhusiwa. Mkongo hata ukiuleta hadi jikoni kwake, ataushika na nini?

Bando nalo. TCRA mwaka 2021 waliweka kiwango cha MB moja kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Chukueni hiyo ya chini kabisa, GB moja ni zaidi ya shilingi 2,000. Kwa kibarua wa shamba hiyo ni sehemu nzuri ya ujira wa siku. Huyo ananunua bando la saa, anaingia WhatsApp, anatoka.

---

Mwambao wa Nyasa (mleta uzi)

Dada wa Vocha, umeleta mchango mzito kuliko wangu na sikupingi kuhusu simu. Ila tazama hesabu yako ya mwisho. Bando linauzwa kwa MB kwa sababu njia ya mawimbi ni finyu na lazima igawanywe. Mkongo ukifika shuleni au ofisi ya kata, bei haipimwi hivyo. Unalipia bomba kwa mwezi, watu hamsini wakichangia, kila mmoja anatumia bila kuhesabu. Na huyo mama wa vikoba anaweza kutumia kishikwambi cha kikundi pale ofisini bila kumwomba mtu ruhusa.

Hili halitoki kichwani kwangu. Kondoa, mkoani Dodoma, kuna mtandao wa jamii ulioasisiwa na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma kwa msaada wa Internet Society. Wanaunganisha shule na jamii inayozizunguka. Afrika Kusini kuna Zenzeleni, kijiji cha Mankosi kule Eastern Cape, wanakijiji wenyewe wana ushirika wao wa mtandao. Sengerema walikuwa na kituo cha mawasiliano cha jamii tangu 2001, enzi za satelaiti za bei ya kuua. Kinachokosekana kwetu ni mtu wa kijijini kuweza kununua uwezo wa mkongo kwa jumla kwa bei anayoiweza, na leseni ndogo ya kuuza kwa majirani ambayo haitaki awe na mwanasheria Dar.

Kaka wa Tunduma: nataka Starlink iruhusiwe, na ningeanza kuiweka visiwani na huko ziwani kwetu ambako kuchimba mtaro kwenye mwamba wa Livingstone ni ndoto. Ila isiwe kisingizio cha kuacha mkongo barabarani. Na ukumbuke Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika siku moja baharini kusini, nchi nzima ikapwaya kwa siku kadhaa. Njia zaidi ya moja ni lazima, juu na chini.

Maji Kwanza: ofisi ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, inapokea taarifa za pampu mbovu kwa njia gani? Sitaki kubishana, nauliza.

---

Mpanda Mnara

Narudi kwa jambo la kiufundi, maana mleta uzi anasema "mkongo ushuke" kana kwamba ni basi.

Kushusha mkongo kwenda kata iliyo kilomita 30 ndani, gharama kubwa si waya wenyewe. Ni mtaro. Kuchimba, kufukia, fidia, vibali vya hifadhi ya barabara. Halafu greda la halmashauri linakuja kuchonga barabara linaukata. Au mtu anaufukua akidhani ni shaba, anakuta ni nyuzi za kioo, anauacha umekatika.

Sasa angalieni juu. Njia kuu za TANESCO za msongo mkubwa, ule waya wa juu kabisa wa kukinga radi, nyingi zina nyuzi za mkongo ndani yake. Mkongo wa Taifa unatumia baadhi. Na REA, wakala wa umeme vijijini, wamesimamisha nguzo karibu kila kijiji. Nguzo zipo, njia imeshafyekwa, fidia imelipwa. Kuna aina ya kebo isiyo na chuma ndani inayotundikwa kwenye nguzo hizohizo chini ya nyaya za umeme. Haipati shoti, na kuitundika ni haraka na rahisi kuliko kuchimba. Shida zake ni moto wa kuchoma mashamba, nguzo za miti kuoza, na mashirika mawili ya umma kukubaliana nani anapanda nguzo ya nani, nani analipwa. Hiyo ya mwisho ni ngumu kuliko moto.

Kama REA walipokuwa wanavuta umeme wangevuta na kebo hiyo kwa pamoja, leo uzi huu usingekuwepo. Sijui nani alikaa kwenye kikao gani. Ila vitongoji bado vinaendelea kupelekewa umeme, kwa hiyo nafasi haijaisha.

---

Mwalimu wa Kata

Mpanda Mnara, hiyo ya nguzo imenikaa. Kwetu nguzo imepita mbele ya darasa la kompyuta. Tunaanzia wapi? Kijiji kinaweza kuomba?

---

Mwambao wa Nyasa (mleta uzi)

Kinaweza, mwalimu. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, barua ya mtendaji wa kata, upitie kwa mkurugenzi wa halmashauri kwenda UCSAF, nakala TTCL na ofisi ya mbunge. Msiombe "mtandao", watawaletea jibu kwamba kata yenu imeshafikiwa. Ulizeni mambo mawili kwa maandishi: mnara wetu umeunganishwa na mkongo au na mnara mwenzake, na kituo cha mkongo kilicho karibu na shule kiko umbali gani kwa njia ya nguzo za umeme. Pigeni picha ya hiyo nguzo mbele ya darasa, muiambatanishe.

---

Mpanda Mnara

Na muandike namba iliyogongwa kwenye nguzo. Bila namba watasema hawaijui.

---

Kaka wa Tunduma

Barua! Haya, mkijibiwa mtujuze. Mimi nasubiri dishi langu.